Kufunga AIS kwenye boti ndogo na kuitumia kwa usalama: mwongozo kwa manahodha wa Tanga

Nahodha anayetoka Tanga alfajiri kwenda Pemba hupita bahari mbili zisizofanana. Ndani ya ghuba, tangu anapokiacha Kisiwa cha Toten hadi anapotoka katikati ya Yambe iliyo kusini na Ulenge iliyo kaskazini, hatari zake ni miamba, nyavu na mitumbwi isiyo na taa. Akishaingia kwenye Mkondo wa Pemba, hatari inageuka kuwa meli ndefu ya mizigo inayokwenda kwa mwendo ambao yeye, akiwa ameketi chini karibu na maji, hawezi kuukadiria vizuri mpaka imeshamkaribia. Kifaa ninachokieleza hapa humsaidia sana kwenye bahari ya pili na kidogo mno kwenye ile ya kwanza, na ni vyema mnunuzi alijue hilo kabla hajatoa fedha zake.

Mfumo wa kiotomatiki wa utambuzi wa vyombo, ambao mabaharia huuita kwa herufi tatu tu, AIS, ni redio ya VHF inayojisemea yenyewe. Kifaa huchukua mahali chombo kilipo kutoka GPS, kikaongeza mwendo, uelekeo, jina na nambari ya chombo, kisha kikatangaza yote hayo kwenye masafa mawili, megahezi 161.975 na megahezi 162.025, bila mtu kugusa kitufe. Vyombo vyote vya jirani hutumia masafa hayo hayo, lakini havikatizani kauli, kwa sababu kila dakika imegawanywa katika nafasi 2,250 kwenye kila masafa, na kila chombo husema katika nafasi yake kisha kikanyamaza. Anayepokea huviona vyombo hivyo kama pembetatu ndogo juu ya chati ya kielektroniki, kila kimoja na jina lake.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika kanuni ya 19 ya sura ya 5, unazitaka meli za kuanzia tani 300 zinazofanya safari za kimataifa, meli za mizigo za kuanzia tani 500 zisizofanya safari hizo, na meli za abiria za ukubwa wowote, zibebe kifaa hiki. Hizo hufungwa kifaa cha Daraja A, chenye nguvu ya wati 12.5. Boti ya uvuvi, ya watalii au ya kubebea wapiga mbizi hufungwa Daraja B, ambacho kina wati 2 kwa aina ya zamani na wati 5 kwa aina mpya. Tofauti yao haiishii kwenye nguvu. Meli ya Daraja A iliyo safarini chini ya noti 14 (maili 14 za baharini kwa saa) hujitangaza kila baada ya sekunde 10, na ikizidi noti 23 hujitangaza kila sekunde 2. Daraja B la wati 2 hujitangaza kila sekunde 30 likiwa safarini, na kila dakika 3 likiwa limesimama. Boti inayokimbia noti 20 husogea zaidi ya mita 300 ndani ya sekunde hizo 30, kwa hiyo afisa wa meli anayeitazama pembetatu yako anatazama mahali ulipokuwa. Mwenye boti ya kasi na fedha za kutosha achukue ile ya wati 5, ambayo hujitangaza mara nyingi zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka.

Kuna pia vipokezi vitupu, vinavyoona wengine bila kujitangaza. Bei yake ni nafuu na vina faida yake, ila mwenye kipokezi asijidanganye kwamba naye anaonekana. Na kama boti yako haina redio ya VHF ya kuzungumzia iliyo nzima, nunua hiyo kwanza, kwa sababu AIS haikuiti wala haikujibu.

Nambari kabla ya bisibisi

Kifaa cha kujitangaza hakitumi chochote hadi kipewe MMSI, yaani nambari ya utambulisho yenye tarakimu tisa. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi: chombo cha Tanzania huanza na 674 au 677, cha Kenya huanza na 634. Nambari hii haichaguliwi na fundi wala haisomwi kwenye boksi la kifaa. Huombwa serikalini pamoja na leseni ya redio, na mahali pa kuanzia kwa chombo cha Bara ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa upande wa redio, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, kwa upande wa usajili wa chombo chenyewe. Vyombo vilivyosajiliwa Zanzibar vina mamlaka yao ya usafiri baharini. Ukiwa huko, uliza pia masharti yanayohusu ukubwa na kazi ya boti yako, maana mkataba wa kimataifa hauzungumzii kila boti ya mwambao.

Chombo kimoja kina nambari moja. Kama redio yako ya VHF ina kitufe chekundu cha dharura, nambari iliyomo humo ndiyo hiyo hiyo itakayoingia kwenye AIS. Nimewahi kuona mafundi wakiingiza 123456789 ili kifaa kiwake, mteja alipe, waondoke. Madhara yake huonekana siku vyombo viwili vyenye nambari moja vinapokaribiana: kwenye skrini za wengine huwa chombo kimoja kinachoruka huku na huko. Zaidi ya hayo, vifaa vingi vya Daraja B huruhusu nambari kuingizwa mara moja tu, kisha hujifunga. Kuibadilisha ni mpaka kifaa kirudi kwa muuzaji au kwa aliyekitengeneza. Isome nambari kwa sauti, mwenzako akiifuata kwenye karatasi ya leseni, ndipo ubonyeze kukubali.

Antena na kebo yake

Asilimia kubwa ya matatizo ninayoitiwa hayamo ndani ya kifaa. Yamo kati ya kifaa na ncha ya antena, na hapo ndipo ningependa msomaji atumie muda wake mwingi.

Mawimbi ya VHF huenda karibu moja kwa moja, hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo urefu wa antena juu ya maji ndio unaoamua utaonekana kutoka wapi. Hesabu yake si ngumu. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, ujumlishe na kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya mwenzako, kisha zidisha kwa 2.2, jibu ni maili za baharini. Antena yako ikiwa mita 4 juu ya maji na ya meli ikiwa mita 36, unapata 2 na 6, jumla 8, nayo ukiizidisha ni maili 17 na ushei. Boti mbili za mita 4 kila moja hazifiki hata maili 9. Hayo ni mahesabu ya karatasi, na wati 2 kupitia kebo mbovu wakati wa kusi hazifikii karatasi. Ukionwa na meli ukiwa maili 6 hadi 10, shukuru. Fundisho la hesabu hii ni kwamba kuipandisha antena kutoka mita 2 hadi mita 4 kuna faida kuliko kununua kifaa cha bei kubwa zaidi.

Miongozo ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, kwa meli kubwa inataka antena ya AIS ikae juu au chini ya antena ya redio ya VHF kwa umbali wa wima usiopungua mita 2, au zikiwa usawa mmoja ziachane mita 10, na iwe mita 3 au zaidi kutoka kwenye rada. Kwenye boti ya mita 11 umbali wa mita 10 haupatikani, lakini wa wima unapatikana ukiwa na mlingoti. Usipopatikana, kuna kigawanyaji maalumu kinachoruhusu AIS na redio kutumia antena moja. Kiwe kile kilichotengenezwa kwa ajili ya vifaa vinavyorusha. Kile kipande cha dukani cha kugawia antena ya televisheni kitaipeleka nguvu ya redio yako, wati 25, moja kwa moja kwenye kipokezi cha AIS, na kuiunguza siku ya kwanza.

Kebo nayo ina kodi yake. Kebo nyembamba ya aina ya RG-58 hupoteza nusu ya nguvu katika takriban mita 15, yaani wati zako 2 hufika kwenye antena zikiwa wati 1. Kwa mita 3 au 4 inatosha. Kwa mlingoti mrefu tumia RG-213, ambayo ni nene na ngumu kupindisha lakini hupoteza chini ya nusu ya hapo. Isipindwe kona kali, isibanwe na mlango, na isifungwe pamoja na nyaya za pampu ya ngama.

Msimu wa kusi mmoja niliitwa Sahare kuangalia boti ya fiberi ambayo kifaa chake kiliziona meli vizuri lakini hakuna chombo kilichoiona boti yenyewe. Maji yalikuwa ya bamvua, yamekupwa kabisa, boti imekaa juu ya matope na nahodha wake, mzee wa makamo ya baba yangu, ameegemea ubavuni akisubiri. Nilipanda juu ya chumba cha usukani, nikaifungua konekta chini ya antena. Tone la maji lilinidondokea kiganjani. Pini ya kati, ambayo ilipaswa kung'aa, ilikuwa ya kijani kama mdila wa kahawa uliosahauliwa nje masika nzima, na nilipoivuta ikabaki mkononi. Nilianza kuikata kebo kidogo kidogo nikitafuta shaba safi. Maji ya chumvi yalikuwa yamepanda ndani ya wavu wa shaba kiasi cha mkono mzima, na kila nilipokata nilikuta weusi. Fundi wa mwanzo hakukosea kulehemu. Alikosea kuifunika konekta kwa utepe wa kawaida wa umeme, ambao jua la Tanga huuyeyusha gundi ndani ya miezi michache.

Konekta ya nje hulehemiwa, hukazwa, kisha huzungushiwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, ukianzia chini kupanda juu ili kila mzunguko uufunike uliotangulia kama makuti ya paa, na juu yake ndipo utepe wa kawaida wa kukinga jua. Kabla kebo haijaingia ndani ya chumba, iache ilegee ikitengeneza kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu, ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi kwenye kifaa. Ukimaliza, pima mrejesho wa mawimbi (SWR), yaani nguvu inayorudishwa na antena kwenye kifaa badala ya kurushwa, kwa kipimo chake: 1.5 kwa 1 ni vizuri, 2 kwa 1 ni mwisho wa kuvumilia, zaidi ya hapo tafuta kosa. Kupokea vizuri huku hutumi ni dalili ya kosa hilo hasa, kwa sababu meli yenye wati 12.5 utaisikia hata kwa waya mbovu. Wala usikiwashe kifaa cha kurusha bila antena, hata kwa kujaribu tu.

Mambo mengine ya ufungaji ni mepesi. Antena ya GPS iwekwe inapoliona anga lote, nje ya njia ya mawimbi ya rada, na isifunikwe kwa bati. Umeme uchukuliwe kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi ya ukubwa uliotajwa na kitabu cha kifaa, usichangiwe na pampu wala starta, kwa maana injini inapowashwa volti hushuka na kifaa huzimika na kuanza upya bila wewe kujua. Kifaa kikae mbali na dira ya sumaku kwa umbali ulioandikwa kwenye kibandiko chake. Kama unakiunganisha na chati ya kielektroniki kwa nyaya za NMEA 0183, utaratibu ambao vifaa vya baharini hupashana taarifa, ipange chati ipokee kwa kasi ya biti 38,400 kwa sekunde. Ile 4,800 ya GPS za zamani haiwezi kubeba AIS, na fundi asiyelijua hili hukesha akibadilisha nyaya zisizo na kosa.

Taarifa za chombo

Kifaa hutangaza kile ulichokiandika, kiwe kweli au uongo. Jina huandikwa kama lilivyo kwenye cheti, lisizidi herufi 20. Alama ya mwito wa redio ya chombo cha Tanzania huanza na 5H au 5I. Aina ya chombo huchaguliwa kwa namba: 30 ni uvuvi, 36 ni chombo cha tanga, 37 ni cha starehe, zile za 60 ni za abiria. Boti inayobeba abiria kwenda visiwani isijiandike ya starehe kwa sababu tu ndiyo iliyotangulia kwenye orodha.

Vipimo vinahitaji futi kamba na boti iliyo pakavu. Kifaa hakitaki urefu na upana. Kinataka umbali nne kutoka antena ya GPS: hadi omo, hadi tezi, hadi ubavu wa kushoto, hadi ubavu wa kulia. Kwa ile boti ya Sahare zilikuwa mita 7, 4, 1 na 2, ambazo ukizijumlisha mbili mbili unapata urefu wa mita 11 na upana wa mita 3. Aliyetangulia alikuwa ameandika 11 kwenda omo na 11 kwenda tezi, akaifanya boti ya mita 22.

Wenye Daraja A wana kazi moja zaidi, ya kuandika safari yenyewe: kina ambacho chombo huzama majini, bandari kiendako na wakati wa kufika. Bandari huandikwa kwa alama za kimataifa, TZTGT kwa Tanga, TZDAR kwa Dar es Salaam, KEMBA kwa Mombasa. Wakati huandikwa kwa saa ya kimataifa, ambayo ipo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na hapa Mswahili ana mtego wake peke yake, kwa kuwa ana saa tatu tofauti kichwani. Niliwahi kumsaidia nahodha wa meli ndogo ya mwambao kuandika kwamba atafika saa tatu asubuhi. Nikaandika 03:00. Saa tatu asubuhi ni 09:00 kwa saa ya ofisini, na kwa saa ya kimataifa ni 06:00. Nilichokiandika mimi ni saa kumi na mbili asubuhi, na wakala wake akaamka na kungoja gatini mapema bure. Tangu siku hiyo huandika saa zote tatu kwenye karatasi kwanza.

Daraja A pia lina hali ya chombo: kinaendeshwa kwa injini, kimetia nanga, kimefungwa gatini, kinavua, hakiongozeki, na kadhalika. Hii haibadiliki yenyewe. Meli inayopita Mkondo wa Pemba kwa noti 14 huku ikisema imefungwa gatini si jambo la ajabu. Ni afisa aliyesahau. Ukiona hali na mwendo havipatani, amini mwendo.

Kabla ya kutoka ghubani, washa kifaa na ukipe dakika 10. Boti iliyosimama hujitangaza kila dakika 3 na jina lake hufuata baadaye, kila dakika 6, kwa hiyo usilalamike mapema. Kisha mwombe mwenye kifaa kwenye chombo cha jirani akusomee anachokiona: jina, nambari, mahali. Hakikisha kwa macho yako mwenyewe kwamba pembetatu yako imekaa mahali ulipo kwenye chati, na haielei juu ya mitaa ya Ngamiani.

Kuitumia ukiwa safarini

Namba mbili ndizo za kuangalia kwa kila meli inayokuja: umbali mdogo kabisa mtakaokaribiana kama kila mmoja atashika njia yake, na dakika zilizobaki hadi hapo. Meli ya noti 15 na boti ya noti 8 zikielekeana hukaribiana kwa noti 23. Ukiiona kwenye skrini ikiwa maili 10, una dakika 26. Mkondoni napendelea kengele ilie kwa maili 1 na dakika 20. Ndani ya ghuba kengele hiyo italia kwa kila tagi na kila meli iliyofungwa, na baharia aliyechoshwa na kengele huizima kabisa, kwa hiyo ipunguze unapoingia na uirudishe unapotoka. Iandike kwenye orodha ya safari kama unavyoandika mafuta na maji.

Faida kubwa ya jina ni redioni. Kumwita mtu "meli iliyo kulia kwangu" kwenye chaneli 16 kunaweza kujibiwa na nahodha mwingine kabisa, naye akakubaliana nawe jambo lisilomhusu. Mwite kwa jina lake, taja mahali ulipo, hamieni chaneli nyingine, mseme kwa ufupi. Hata hivyo redio haibadilishi kanuni za kuzuia migongano za 1972. Anayepaswa kupisha bado anapaswa kupisha, na geuko kubwa linaloonekana, lililofanywa mapema, lina maana kuliko mazungumzo marefu wakati maili zinakwisha.

Yule mzee wa Sahare, nilipomaliza kumwonyesha, aliniuliza swali ambalo wengi hulifikiri na hawalisemi.

"Fundi, sasa meli kubwa zitanipisha?"

"Hapana, mzee. Zitakuona, nazo kama mtu wao anatazama."

Alitikisa kichwa. "Na wale wangu wa karabai?"

Alikuwa amegusa penyewe. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa wametapakaa na taa zao, skrini inaweza kuonyesha vyombo viwili tu huku macho yakihesabu thelathini. Ngalawa, mitumbwi na mashua nyingi za hapa hazina kifaa, na miamba haijitangazi. Kanuni ya 5 inataka uangalizi wa macho na masikio na wa kila njia iliyopo; AIS ni mojawapo ya njia hizo. Kaa na mtu omoni usiku. Punguza mwanga wa skrini mpaka iwe hafifu, maana jicho lililotazama skrini yenye mwanga mkali halioni mtumbwi kwa dakika kadhaa.

Usitumie programu za simu zinazoonyesha meli kupitia intaneti badala ya kifaa hiki. Hizo hutegemea vituo vya kupokelea vilivyo nchi kavu na satelaiti, taarifa hufika zikiwa zimechelewa, na mtandao ukikatika picha hubaki imeganda bila kukuambia. Zinafaa kwa mwenye mzigo aliye ofisini. Hata taarifa za kifaa chenyewe hazina muhuri: GPS ikivurugwa, kila kinachotangazwa huwa kimevurugika nacho, kwa hiyo linganisha na rada kama unayo, na dira, na mnara wa Ulenge ukiuona.

Zipo alama za kuzitambua kabla hazijatokea. Nambari inayoanza na 970 ni kifaa cha kutafutia manusura, 972 ni mtu aliyeanguka majini, 974 ni boya la dharura. Kwenye skrini huonekana kama duara lenye msalaba ndani. Nambari inayoanza na 99 ni boya au alama ya njia, na nyingine haipo majini kabisa, imetangazwa tu kutoka pwani. Kwa upande wako, ukipata ajali, kitufe cha dharura cha redio ya VHF, kinachotuma kwenye chaneli 70, ndicho cha kubonyeza kwanza, kisha useme kwenye chaneli 16. Ujumbe wa dharura wa baadhi ya vifaa vya Daraja B hauhesabiwi katika mfumo wa kimataifa wa uokozi.

Kifaa kiwe kimewashwa muda wote chombo kikiwa safarini au nangani. Miongozo ya IMO inamruhusu nahodha kukizima akiona kinahatarisha usalama wa chombo chake, lakini aandike saa na sababu kwenye daftari la safari, na akiwashe hatari ikishapita. Kuogopa wenzako wasijue unapovulia si sababu iliyotajwa humo.

Kwenye matengenezo sina mengi. Kusi ikitulia, kabla ya kaskazi, fungua konekta ya juu uitazame, pima mrejesho wa mawimbi uulinganishe na namba uliyoiandika siku ya kufunga, na usugue vichwa vya betri. Boti ikiuzwa, jina na nambari za mwenye zamani zisiondoke nayo zikiwa bado zinatangaza.